Bunduki ya Kuazima

Asubuhi ya tarehe 9 Desemba 1898, pale Tsavo, mtu mmoja aliingia kambini mbio akipiga ukelele, "Simba! Simba!" Simba alikuwa amejaribu kumnyakua mtu kwenye kambi ya kando ya mto, akamkosa, akamuua punda, na sasa alikuwa akimla papo hapo karibu. John Henry Patterson, mhandisi aliyeletwa kujenga daraja la reli juu ya mto huo, alikuwa amewawinda simba wawili wala watu kwa miezi bila kufanikiwa. Vibarua walikuwa wakiburutwa usiku kutoka ndani ya mahema yao. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson alihesabu Wahindi 28 waliouawa, mbali na Waafrika ambao hakuna aliyewaandika. Baadaye akataja watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria, mwaka 2009, kwamba walioliwa walikuwa kama 35. Hata hao 35 ni matanga 35.

Patterson alikuwa na bunduki yake ya .303, ambayo mkono wake ulikuwa umeizoea. Siku hiyo hakuichukua. Alikimbilia bunduki nzito ya mitutu miwili aliyoachiwa na mwenzake, ofisa wa polisi aliyekuwa amepita hapo. Ilikuwa na nguvu kuliko yake, na mtu anayekwenda kukutana na simba hutamani nguvu.

Akawapanga vibarua nusu duara nyuma ya kichaka, na ngoma na madebe, naye akajibanza nyuma ya kichuguu kwenye njia ambayo simba angepitia. Kelele zilipoanza, simba akatoka. Dume kubwa lisilo na shungi, likija polepole, likisimama kila baada ya hatua chache kutazama nyuma. Lilikuwa limeshughulishwa na kelele hata halikumwona mtu aliyekuwa mbele yake. Lilipomwona lilishtuka, likakita miguu ya mbele ardhini. Patterson akalenga ubongo, akavuta kifyatuo.

Ikasikika "ta!" tu. Risasi haikulipuka.

Alichanganyikiwa hata akasahau kwamba mtutu wa kushoto bado ulikuwa na risasi. Kilichomwokoa ni kelele za watu. Simba, badala ya kumrukia, aliruka kando akaingia msituni. Patterson akazinduka, akafyatua mtutu wa pili, akasikia mngurumo wa mnyama aliyepigwa. Wakamfuata kwa damu mpaka kwenye majabali, wakampoteza. Simba aliyejeruhiwa akashinda kutwa nzima karibu na kambi yenye mamia ya watu.

Alipoitoa ile risasi iliyokataa, aliikuta fataki yake imebonyea kidogo tu. Pini haikuigonga sawasawa. Patterson alikiri kwamba kwa hasira alimlaani mwenye bunduki, aliyeitengeneza na bunduki yenyewe, na akaijutia saa aliyoitegemea silaha ya kuazima. Waswahili tuna neno letu: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Usiku ule ule alikaa juu ya jukwaa la miti karibu na mzoga wa punda, na simba akaja. Safari hii bunduki iliitika. Kulipokucha walimkuta amekufa: risasi moja nyuma ya bega la kushoto imefika moyoni, nyingine mguu wa nyuma. Watu wanane walihitajika kumbeba.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu Tsavo si mbali na sisi. Maji yanayopita chini ya daraja lile huungana na ya Athi, yakawa Galana, na yanapofika kwetu tunayaita Sabaki, mpaka yanapomwagika baharini kaskazini ya Malindi. Anayetoka Malindi kwa njia ya Kakoneni na Chakama hufika lango la Sala, na ndani ya lango hilo ni hifadhi ya Tsavo Mashariki. Ndovu, nyati na simba wa huko hawajui mpaka wa kaunti.

Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na anayetaka kuwinda kwa leseni huvuka kwenda Tanzania. Lakini bunduki ya bolti, ile unayoikoki kwa mkono kila baada ya risasi, haijatoweka. Iko kwa askari wa wanyamapori anayeitwa usiku kwa ajili ya nyati aliyeua, iko kwenye ranchi, iko kwa raia mwenye cheti chini ya Sheria ya Silaha. Na vijana wetu wengine huvuka mpaka kufanya kazi ya kufuata nyayo kwenye makampuni ya uwindaji, wakitembea mbele ya mgeni aliyeshika bunduki aliyoinunua mwezi uliopita. Hao ndio ninaowaandikia, kwa sababu bunduki ikikataa wao ndio walio karibu zaidi na mnyama.

Wageni hao wana mjadala usiokwisha: bunduki gani, ikitolewa tu kwenye boksi, inapiga shabaha kuliko nyingine? Tikka, inayotengenezwa Riihimäki huko Finland, huuzwa kwa ahadi kwamba risasi tatu zitaingia ndani ya dakika moja ya pembe. Kwa umbali wa mita 100 hiyo ni kama sentimita tatu. Weatherby ya Marekani nayo ina ahadi yake, na wengine wengi wamefuata. Na ni kweli kwamba bunduki za kiwandani za leo, hata za bei ya chini, zinapiga vizuri kuliko nyingi za zamani zilizochongwa kwa mkono kwa bei ya nyumba. Mashine zinakata chuma kwa usahihi ambao fundi wa mwaka 1898 asingeufikia.

Lakini tazama hesabu. Eneo la moyo na mapafu ya nyati linazidi sentimita 25 kwa upana. Watu wanabishania sentimita moja kati ya kiwanda na kiwanda, na mnyama ana nafasi ya sentimita 25. Tena ahadi yenyewe ni ya risasi tatu, na tatu ni chache mno. Piga kumi kwa bunduki ile ile, mkono ule ule, na kwa kawaida zitatawanyika kama mara moja na nusu ya zile tatu. Kipande cha karatasi chenye matundu matatu yaliyogusana ni picha nzuri ya kumwonyesha rafiki, basi. Tena matundu yanaweza kugusana vizuri kabisa yakawa yote yako kiganja kizima kushoto ya pale ulipolenga. Kukusanya risasi ni jambo moja, kuzipeleka unapolenga ni jambo jingine, na hilo la pili kiwanda hakiwezi kukufanyia, kwa sababu hakijui utafunga darubini gani wala utatia risasi gani.

Bunduki mpya mara nyingi hutoka kiwandani imepakwa mafuta au grisi ili isishike kutu njiani. Grisi hiyo huwa ndani ya mtutu, na huwa ndani ya bolti, inakopita pini. Ukiitoa kwenye boksi ukaipeleka porini hivyo hivyo, risasi ya kwanza itapita kwenye mtutu wenye mafuta na kwenda isikokwenda ya pili. Ndani ya bolti, vumbi jekundu la Tsavo litakorogana na grisi kuwa uji mzito. Pini itatembea kwa uvivu. Itaigusa fataki, iibonyeze kidogo, na utasikia "ta!" ile aliyoisikia Patterson. Fungua bolti, osha, kausha, paka mafuta mepesi kiasi cha kung'arisha kidole. Kazi ya robo saa.

Kisha kuna bahari yetu. Bunduki yenye mbao za mjozi imechongwa kwenye karakana kavu ya Ulaya au Marekani. Iweke Malindi wakati wa masika, mbao itakunywa unyevu na kuvimba, na ikivimba inausukuma mtutu. Bunduki iliyopiga katikati mwezi wa Februari inaweza kupiga pembeni mwezi wa Mei bila mtu kuigusa skrubu. Chukua ukanda wa karatasi, upitishe kati ya mtutu na mbao, uvute kutoka mbele kurudi nyuma. Ukiteleza mpaka kwenye chumba cha risasi, mtutu uko huru. Ukikwama mahali, jua panagusa. Bunduki nyingine hutengenezwa makusudi ziguse pale mbele, na hiyo si kasoro. Kasoro ni kutojua yako ni ya aina gani. Wengi siku hizi huchagua kitako cha plastiki, na kwa pwani hii nawaunga mkono, hata kama mbao ni nzuri zaidi kutazama. Chumvi nayo haichagui: mtutu usiofutwa huanza kuota madoa mapema kuliko mwenyewe anavyodhani.

Wala usidhani jina kubwa la kiwanda linakulinda. Aprili 2014 Remington iliziita zirudi bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye kifyatuo cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu mwaka 2006, kwa sababu ziliweza kufyatuka zenyewe. Hizo ni miongoni mwa bunduki za bolti zilizouzwa sana duniani. Kwa hiyo kabla ya kutia risasi hata moja, bunduki ikiwa tupu na mtutu umeelekezwa mahali salama, ikoki, ondoa usalama, rudisha usalama, igonge kitako chini kwa kiasi, usikilize. Ikifyatuka bila kidole, haitoki nyumbani.

Na risasi zenyewe. Walter Bell, Mskoti aliyekuja Afrika Mashariki akiwa kijana na baadaye akaua ndovu zaidi ya elfu moja, alitumia sana bunduki ndogo ya bolti ya milimita saba. Idadi hiyo siisifu. Ni msiba wa ndovu ambao bado tunaulipia. Lakini kwa silaha alikuwa mtu makini kupita kiasi. Aliiacha bunduki ya .318 aliyoipenda kwa sababu risasi zake za viwanda vya Uingereza zilikuwa zikikataa kulipuka, akashikamana na zile za kiwanda cha DWM cha Ujerumani ambazo hazikumwangusha. Hakuuliza ipi inasifiwa London. Aliuliza ipi inalipuka.

Wawindaji wa hapa kwetu walilijua hilo kabla ya reli. Waata, waliowinda ndovu kwa upinde katika nyika ya nyuma ya Malindi na Kilifi, hawakununua upinde uliokwisha kukatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Kila mmoja alikuwa na wake unaolingana na mikono na kifua chake, mgumu kuvutwa hata wazungu waliojaribu walishindwa kuufikisha nyuma. Sumu iliyopakwa kwenye chembe ilifungwa kwa ngozi nyembamba isikauke, kwa sababu sumu iliyokauka ni udongo tu. Na haikuaminiwa bure: mojawapo ya majaribio yaliyoandikwa kuhusu sumu za namna hii Afrika Mashariki ni kuigusisha na tone la damu na kutazama inavyobadilika rangi. Mtu anayemsogelea ndovu hatua chache hana nafasi ya kugundua hapo kwamba silaha yake ni chakavu.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha bunduki mbili za kiwandani, usizilinganishe kwa karatasi ya muuzaji. Kwa siku kadhaa tofauti, asubuhi, mtutu ukiwa baridi na bila mafuta ndani, piga risasi moja tu ya kila bunduki, kwa risasi zile zile utakazobeba kazini, kila bunduki na karatasi yake ile ile. Usiibadilishe karatasi. Mwisho wake utaona kitu ambacho hakuna kiwanda kinachokiahidi: mahali inapokwenda risasi ya kwanza. Porini hiyo ndiyo inayohesabiwa. Bunduki ambayo risasi zake za kwanza zimekaa pamoja ndani ya kiganja, na kila mara imelipuka, ni bora kuliko ile iliyoweka matundu matatu yaliyogusana kisha ya nne ikakataa. Halafu ipakie garini, ipige njia ya mawe ya Chakama kwenda na kurudi, ujaribu tena, maana skrubu za darubini hulegea.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Mama aliyempoteza mwanawe kwa nyati aliyejeruhiwa na kuachwa hatauliza bunduki ilikuwa ya kampuni gani. Askari akienda uwanja wa shabaha kabla ya zamu na risasi ya kwanza ikapotea au ikakataa, bunduki hiyo irudi ghalani, na kazini aende mwenzake mwenye bunduki aliyoijaribu wiki hiyo.