Msikilize Mwenzio Mpaka Amalize

Sifa zote njema ni za Allah, Mwenye kusikia yanayosemwa na yaliyofichwa vifuani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu.

Muda si mrefu khatibu atapanda mimbari, nasi tutanyamaza. Mnaujua uzito wa adabu hiyo. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba hata anayemwambia mwenzake anyamaze wakati imamu anahutubu, naye amefanya upuuzi. Muslim akapokea pia kuwa mwenye kugusa kokoto amefanya upuuzi. Wenzetu wa Madina walikaa juu ya changarawe. Sisi tumetandika mazulia, lakini kokoto zetu tumekuja nazo mfukoni, zinatetema na kuwaka taa.

Kila Ijumaa basi tunafunzwa kutuliza ulimi, mkono na moyo mbele ya anayesema. Tukishavaa viatu hapo nje, funzo hilo tunalipeleka wapi? Mke anaeleza habari ya mtoto aliyeshinda na homa, baba anaitikia "ehe, ehe" macho yakiwa kwenye simu, baadaye anauliza, "Hivi ulisema nini?" Barazani mmoja hajafika nusu ya maneno yake, wa pili ameshamjibu. Wengi wetu tunanyamaza kungoja zamu yetu tu.

Tazameni mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Huko Makka, Makureshi walimtuma Utba bin Rabia amshawishi aache ulinganiaji. Utba akamwahidi mali, uongozi na ufalme, na akathubutu kusema kwamba kama ni maradhi yamempata, watamtafutia tabibu. Maneno ya kuudhi hayo! Mtume akamwacha aseme yote. Alipokwisha, akamwita kwa jina la heshima, Abul-Walid, akamuuliza kama amemaliza. Ndipo akamsomea Surat Fussilat. Wanahistoria wa sira wanasimulia kuwa Utba alirudi kwa wenzake uso umebadilika, akawashauri wamwache mtu huyu na jambo lake. Mtume hakukubali hata moja katika aliyoahidiwa, kwani kumsikiliza mtu si kumkubalia. Lakini aliyesikilizwa mpaka mwisho, naye alikaa akasikiliza.

Kisha mkumbukeni Bibi Khaula binti Thaalaba. Mumewe, Aus bin Samit, alimfanyia dhihari, akamfananisha na mgongo wa mama yake. Khaula akaja kwa Mtume kushitaki. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa humo humo chumbani, naye amesema baadhi ya maneno ya Khaula hayakumfikia. Allah aliyasikia yote, akateremsha mwanzo wa Surat Al-Mujadila, na hukumu ya dhihari ikawekwa wazi. Ikiwa Mola wa mbingu saba amesikiliza shauri la mwanamke na mumewe, ni nani kati yetu aliye mkubwa kiasi cha kumwambia mkewe, "Sina muda wa hayo"?

Sikio nalo lina hesabu yake. Surat Al-Israa, aya ya 36, inatukumbusha kuwa masikio, macho na nyoyo vyote vitaulizwa. Kwa hiyo pakianza kusengenywa mtu, ondoka au ugeuze mazungumzo. Hapo kusikiliza si adabu tena, ni kushiriki.

Ndugu zangu, tunalalamika kuwa khushui inatutoroka ndani ya swala. Itakujaje, na moyo tumeuzoesha kutangatanga kutwa nzima? Anayekaa na mzazi wake na akili iko kwingine, ataileta akili ile ile kwenye rakaa zake.

Leo baada ya swala, mchague mtu mmoja nyumbani: mama, mke, au yule kijana asiyesema sana. Simu iache chumba kingine. Mgeukie mwili mzima, kama alivyokuwa akigeuka Mtume wetu. Usimkatize, usimmalizie sentensi. Akinyamaza, muulize kama amemaliza. Ndipo ujibu kwa upole, na kama huna jibu, sema hujui.

Ewe Mola wetu, tupe masikio yenye subira na ndimi zenye haya. Utusamehe kwa wale tuliowapuuza wakituhitaji, utuwezeshe kuwarudia wangali hai. Amina. Wabillahi taufiki.