Kumcheka Mfupi wa Umbo na Kumtuhumu Mama Yake

Shukrani ni za Mwenyezi Mungu, awaumbaye waja Wake kwa sura apendayo; na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya: imekuwa ada ya baadhi ya watu, wakimwona aliyeumbwa mfupi kupita kadiri ya wenziwe, kumwita kibete au mbilikimo na kumcheka barazani. Nao hudhani ni mchezo. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kuwadharau wenzao, kwani huenda adharauliwaye akawa bora kuliko amdharauye. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, Bibi Aisha alipomtaja Bibi Safiya kwa ufupi wake, Mtume (s.a.w.) alimwambia ya kuwa neno lile lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyaharibu. Na hilo ni neno moja tu. Basi itakuwaje hali ya mwenye kucheka kila siku?

Kimo hakimpunguzii mtu daraja. Abdallah bin Masud (r.a.) alikuwa mfupi, na sahaba walipoicheka miguu yake kwa wembamba, Mtume (s.a.w.) aliwaambia kuwa katika mizani ni mizito kuliko jabali la Uhud. Na katika Misri ya kale, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, mtu mfupi aitwaye Seneb alikuwa na cheo kwa mfalme, na mke wa kimo cha kawaida, na watoto.

Lililo zito zaidi ni la nyumbani. Mtoto azaliwapo hivi, yuko mume amwambiaye mkewe kuwa ukoo wao ni mbaya, au kuwa amepitiwa na shetani, hata akampa talaka. Hiyo ni dhuluma. Matabibu wamebainisha kuwa aina iliyo nyingi ya ufupi huu, iitwayo akondroplasia, hutokana na badiliko dogo katika jeni moja, lililojulikana mwaka 1994. Katika kila watoto 5 wa namna hii, kama 4 wazazi wao wote wawili ni wa kimo cha kawaida. Na badiliko lizukapo hivyo, karibu kila mara huwa limezuka katika mbegu ya baba. Basi mwenye kumtuhumu mkewe na azingatie. Wala baba naye hana kosa. Ni kadari ya Mola.

Haki ya mtoto huyo ni kuitwa kwa jina lake, kutibiwa, kusomeshwa Kurani na elimu sawa na nduguze, na akifika umri wake, kuozwa. Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi za Waislamu. Amin.