Kompyuta ya gemu kwa pesa ya mahindi: Israfu ni nini hasa?

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Sumbawanga. Miaka hii vijana wa sekondari wananiuliza swali ambalo walimu wetu hawakuwahi kuulizwa: "Ustadhi, nikijiundia kompyuta ya kuchezea gemu, ni israfu?" Swali hili linaonekana dogo. Lakini ukilichunguza utakuta ndani yake yamo mambo matatu mazito: matumizi ya mali, uaminifu katika biashara na haki ya mzazi. Kwa hiyo si haki kulijibu kwa neno moja.

Aghalabu yapo majibu mawili ya haraka. La kwanza husema gemu zote ni upuuzi, basi hata senti moja ni haramu. Wanaosema hivyo wasahau vipi kwamba Mtume (SAW) alishindana mbio na Bibi Aisha (RA), na kwamba aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini siku ya Idi? Mchezo wenyewe haukukatazwa. Kinachokatazwa ni kamari, uchafu wa maadili na kupoteza swala, na haya mtu anaweza kuyafanya hata bila kompyuta. Jibu la pili ni la vijana wenyewe: "Pesa yangu, natumia nitakavyo." Hili nalo halisimami, kwa sababu katika Uislamu mali ni amana, na mwenye kuishika ataulizwa aliipataje na aliitumiaje.

Basi israfu ni nini? Wengi wetu tunadhani ni kutumia pesa nyingi. Katika Suratul Furqan, aya ya 67, waja wema wanasifiwa kwamba wanapotumia hawavuki mpaka wala hawafanyi ubakhili, bali hukaa katikati. Katikati ya nini? Hapo ndipo kompyuta yenyewe inapoweza kutufundisha.

Kompyuta ya gemu ni vipande vinavyofanya kazi pamoja. Prosesa inahesabu yanayotokea katika mchezo, na kadi ya picha inayachora. RAM inashika yanayohitajika kwa sasa, SSD inahifadhi, pawa sapulai inalisha wote umeme, na kioo kinaonesha. Mkulima wa Ufipa anayelima kwa plau ataelewa haraka: ukimfunga maksai mnene nira moja na ndama, plau itakwenda kwa mwendo wa ndama. Kioo cha kawaida huonesha picha 60 kwa sekunde. Kijana akinunua kadi ya bei kubwa inayochora picha 200 kwa sekunde, picha 140 hazionwi na jicho la mtu yeyote. Hiyo ndiyo israfu: mali iliyotolewa isifike kwenye lengo lake.

Upande wa pili upo ubakhili. Kijana huyo huyo, baada ya kumaliza pesa kwenye kadi, hununua pawa sapulai ya bei ya chini kabisa isiyo na jina. Sisi tunaoishi hapa tunajua jinsi umeme unavyopanda na kushuka. Kifaa kile kikiungua kinaweza kuondoka na madabodi na kadi pamoja. Mtu mmoja, kwa siku moja, amefanya israfu na ubakhili ndani ya kasha moja!

Hebu tupige hesabu kwa kipimo chetu, yaani gunia. Tuseme mzazi ameuza gunia 12 za mahindi kwa shilingi 60,000 kila moja, jumla shilingi 720,000. Njia inayofahamika na vijana wengi ni kununua kompyuta ya ofisi ya mtumba, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuiongezea kadi ya picha. Kompyuta yenyewe tuipe gunia 5, kadi gunia 3, RAM na SSD gunia 2, kioo gunia 1, na kinga ya umeme gunia 1. Hapo hakuna kilichobaki cha taa za rangi wala feni za mapambo. Na baridi ya mji huu, uliopo kwenye nyanda za juu, tayari ni feni ya bure.

Lakini bajeti ndogo inataka elimu kubwa. Kompyuta zile zenye kasha jembamba hupokea kadi fupi tu, na mara nyingi pawa sapulai yake ni ya kiwanda chenyewe, huwezi kuibadilisha kwa ya kawaida. Heri kasha kubwa. Kadi kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 hutumia wati 75 hivi, na nyingi kati ya hizo hazihitaji waya wa umeme wa pembeni, ndiyo maana zinafaa kwenye mashine za namna hii. Tena tazama kizazi cha prosesa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Na kwa kuwa mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani kutokana na mahitaji ya mitambo ya akili mnemba, mashine inayokuja na RAM yake ndani ni bora kuliko iliyo tupu.

Sasa tuje kwa muuzaji. Mtume (SAW) aliingiza mkono kwenye lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta majimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha likatolewa onyo kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hapa Ufipa hatuhitaji mtu wa kutufafanulia mahindi mabichi chini ya gunia. Basi majimaji ya kompyuta ni haya: zimewahi kuuzwa kadi kuukuu zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Ipo pia RX 580 ya 2048SP, iliyotolewa mwaka 2018 kwa soko la China, ambayo ukiifungua nguvu yake ni ya RX 570. Hata makampuni makubwa hayakusalimika. NVIDIA ilitangaza GTX 970 mwaka 2014 kuwa na memori ya GB 4, ikaja kubainika kwamba sehemu ya mwisho, nusu GB, ni ya mwendo wa pole sana. Mwaka 2016 ilikubali kuwalipa wanunuzi wa Marekani dola 30 kwa kila kadi ili kumaliza kesi.

Vijana wetu huagiza vitu Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na mzigo huja kwa basi. Mnunuzi hajaona wala hajagusa. Kwa hiyo muuzaji Muislamu analazimika kutaja kasoro kabla ya kupokea pesa, na kasoro iliyofichwa ikigundulika, sharia inampa mnunuzi haki ya kurudisha. "Kikiondoka hakirudi" haihalalishi udanganyifu.

Hata hivyo, ndugu zangu, tumezoea kumhubiria muuzaji peke yake. Leo nataka kumgeukia mnunuzi.

Yule mzazi aliyeuza gunia 12 aliambiwa nini? Mara nyingi huambiwa: "Baba, ni ya masomo." Mzee hajui kadi ya picha ni nini. Anajua mwanawe anasoma, na anajua kwamba pesa ya mahindi huja mara moja kwa mwaka. Wakati wa kuuza, huenda alishaumizwa na lumbesa, gunia likashindiliwa kupita kilo 100 na bei ikabaki ya gunia moja. Suratul Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wale wanaopokea kipimo kamili na kuwapa wengine pungufu. Sasa mzee huyu anapunjwa mara mbili: shambani na mnunuzi wa mahindi, nyumbani na mtoto wake. Kijana anayemficha baba yake matumizi ya kweli ana tofauti gani na yule aliyebandika jina la uongo juu ya kadi?

Atasema kompyuta hiyo hiyo inafaa kwa masomo. Ni kweli, na ninalikubali. Lakini kwa masomo ile ya gunia 5, na kioo chake, na kinga yake ya umeme, inatosha. Gunia 3 za kadi ni za mchezo. Wanazuoni, akiwemo Imam Shatibi, wamegawa maslahi katika ngazi tatu: ya lazima, ya haja na ya kupendezesha. Ngazi ya tatu ni halali, lakini haikai juu ya mgongo wa ya kwanza. Kama gunia 3 hizo zinatoka kwenye ada ya mdogo wake au mbolea ya msimu ujao, mchezo umekula chakula.

Ushauri wangu kwa kijana ni mwepesi kuusema na mgumu kuutenda. Andika orodha yako kwa kipimo cha gunia. Kaa na baba yako, msomee kipande kimoja kimoja, na ukifika kwenye kadi sema wazi: "Baba, hii ni ya kuchezea." Akiridhia kwa moyo mkunjufu, cheza katika mipaka ya dini na adhana ikuinue. Akisema mwaka huu hapana, nunua mashine bila kadi. Nafasi ya kadi itabaki wazi ndani ya kasha, nawe utaijaza siku utakapouza gunia za jasho lako mwenyewe.

Nasi wazazi tusijifiche nyuma ya kutojua. Kuuliza "hiki ni cha nini?" ni haki yetu, na kumruhusu mtoto afurahi inapowezekana ni katika huruma. Mtoto anayejua kwamba akisema kweli atasikilizwa, hana haja ya kusingizia masomo.

Wabillahi tawfiq.