Mkubwa na Roho za Watu Wake

Tuulize neno hili: watu wakionewa, mkubwa wao ana ruhusa ya kuwahamisha wote, hata kama wengi watakufa njiani?

Tutazame mambo ya Wakalmuki, wafugaji wa kabila la Wamongoli, wenye dini ya Buda. Tangu karne ya 17 walilisha farasi, kondoo na ngamia karibu na mto Volga. Lakini serikali ya Urusi iliwabana: wageni walitwaa malisho yao, vijana waliitwa vitani, na mwaka 1762 uwezo wa khani, ndiye mfalme wao, ulipunguzwa. Basi khani Ubashi na wakubwa wachache wakafanya shauri kwa siri. Mwezi wa Januari 1771 watu kama 150,000 au zaidi wakashika njia ya mashariki, warudi Dzungaria, nchi ya mababu.

Safari ilidumu miezi saba hivi. Baridi, njaa, kiu na mashambulio ya Wakazaki viliwaangamiza. Waliofika bonde la mto Ili walikuwa 70,000 hivi. Qianlong, kaisari wa Uchina, aliwapa mifugo, nafaka na nguo, lakini akawatawanya vikundi vikundi chini ya amri yake.

Wengine watasema: Je, Musa hakuwapitisha Waisraeli jangwani? Ndiyo. Lakini Musa alitumwa na Mungu, na kwanza aliwakusanya wazee wa Israeli, wakaelezwa yote, nao wakasadiki. Shauri la Volga lilijulikana na wachache. Mama aliyebeba mtoto katika theluji hakupewa nafasi ya kulipima.

Tusimhukumu Ubashi kwa wepesi. Dhambi ya kwanza ni ya wale waliowabana wanyonge hata wakaona jangwa ni afadhali. Tena siri ilikuwa na sababu: kama ingejulikana, wangezuiwa. Lakini kuwa na haki ya kulalamika si kuwa na haki ya kutoa roho za wengine. Busara ni fadhila, si woga. Yamtaka mkubwa ahesabu maji, malisho na maadui kabla ya kung'oa hema, kwa maana watu si mali yake. Ni amana aliyopewa na Mungu.

Basi kila mwenye madaraka, hata baba nyumbani mwake, ajiulize kwanza: mzigo wa shauri langu utamlemea nani?