Baiskeli ya Milimani na Swali la Kusudi
Aristotle alifundisha kwamba mtu hatafakari lengo bali njia ya kulifikia, na hoja hiyo inamhusu mkazi wa Gitothua, Ruiru, anayechagua baiskeli ya milimani. Yenye springi mbele tu, yaani kwenye uma unaoshika gurudumu, ni nyepesi na matengenezo yake ni machache. Yenye springi mbele na nyuma hustahimili miteremko ya mawe, lakini kwenye lami humeza sehemu ya nguvu za mwendeshaji, na vipuri vyake ni ghali. Anayenunua ya pili ili aonekane tu (na wapo) amebadilisha lengo bila kukiri. Kwa lami ya Ruiru na udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa, springi ya mbele yatosha.