Nyongeza ya Upande B

Kanda ya dakika 60 haikujaa kamwe kwa nyimbo ulizoomba. Uliandika orodha kwenye karatasi ya daftari, Upande A nyimbo 6, Upande B nyimbo 6, ukamkabidhi fundi pamoja na kanda tupu, kesho yake ukaifuata. Ukiisikiliza hadi mwisho unakuta nyimbo zako zimekwisha na bado utepe unazunguka, dakika 3 au 4 hivi. Wako waliouacha utepe ulie shaa mpaka ukome. Fundi wetu wa Ikola hakuuacha. Alitia wimbo wowote aliouona unafaa, bila kukuuliza na bila kukudai senti. Tuliuita nyongeza, kama lile konzi la dagaa ambalo muuzaji hukutupia juu ya kopo likishapimwa.

Ikola iko mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Karema, katika mkoa ambao tangu 2012 unaitwa Katavi na kabla ya hapo ulikuwa sehemu ya Rukwa. Duka la santuri lenye rafu na kaunta ya kioo, kama yale ya River Road kule Nairobi, hatukuwa nalo. Tulikuwa na kibanda cha mbao na bati, njiani unapotoka mwaloni: deki mbili, rekodi pleya moja, betri ya gari chini ya meza, spika imetundikwa juu ya mlango. Mwenyewe tulimwita Fundi tu, na ufundi alikuwa nao kweli. Redio ikila kanda, uliileta imejikunja kama utumbo wa samaki. Aliifungua kwa bisibisi ndogo, akakata palipoharibika, akaunga ncha mbili kwa kijipande cha seloteip alichokichonga kwa wembe kisizidi upana wa utepe, kisha akaurudisha wote ndani kwa kuzungusha kalamu ya Bic. Wimbo ukifika pale uliruka neno au maneno mawili. Wako watu Ikola ambao mpaka leo wanaimba nyimbo fulani za Marijani Rajabu kwa pengo lilelile, kwa sababu hivyo ndivyo walivyozijua.

Juu ya bati la kibanda zilianikwa betri za National zilizochoka, za majirani, zipate jua na kusogeza redio hadi taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Hiyo ilikuwa huduma ya bure vilevile, ingawa sidhani kama kuna aliyewahi kumshukuru.

Muziki ulitufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni reli: Dar es Salaam, Tabora, Kaliua, kisha lile tawi la Mpanda lililofunguliwa 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, halafu lori na vumbi mpaka ziwani. Ya pili ni maji. Liemba, meli ya Wajerumani iliyozamishwa 1916 na kuopolewa 1924, ilisimama mbali na ufuko, na mitumbwi ikaenda kuizunguka kupakua watu, magunia na mabegi. Ndani ya mabegi hayo, zimefungwa katika nailoni mbilimbili, zilikuwamo kanda kutoka Kigoma. Ng'ambo ya pili iko Kongo, Moba na Kalemie, na wafanyabiashara waliovuka na vitenge hawakukosa santuri ya Franco au mbili katikati ya marobota. Usiku hewa ikitulia, redio za Bujumbura na Lubumbashi zilishika vizuri kuliko Dar es Salaam.

Kwa hiyo sanduku la Fundi halikuwa na mpangilio ambao mtu wa mjini angeuelewa. Cuban Marimba ya Salum Abdallah ililala juu ya Tabora Jazz. Tabora Jazz ilipendwa kipekee, maana aliyeimba "Dada Asha", Shem Karenga, alikuwa mtoto wa Kigoma, wa ziwa hilihili, na jambo hilo lilitajwa kila wimbo ulipopigwa hata kama wote waliopo walikwisha kuambiwa. Chini yake NUTA Jazz, kisha kanda za kwaya zisizo na jalada, kisha rumba la Kizaire ambalo maneno yake hakuna aliyeyaelewa isipokuwa Wabembe na Waholoholo wachache waliokuwa na ndugu ng'ambo, na hao nao kila mmoja alitafsiri yake.

Biashara ilichangamka wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika na wavuvi wanakaa nchi kavu na fedha zao. Siku hizo benchi la mbele ya kibanda halikuwa na nafasi. Alikaa Mbende na Mfipa, Mtongwe aliyeshuka kutoka milimani, Muha wa nyavu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Kanda moja ilikuwa ikirekodiwa kwa ajili ya mtu mmoja, na wote walisikiliza, kwa sababu deki za Fundi hazikujua kurekodi haraka: wimbo wa dakika 5 ulichukua dakika 5. Ukitaka wako ulisubiri wa mwenzako uishe. Nadhani subira ile ya kulazimishwa ndiyo iliyotupanua masikio kuliko mapenzi yoyote ya muziki.

Kuna jambo jingine la deki ambalo wasiolijua watalicheka. Santuri ndogo ya mizunguko 45 haikutosha wimbo mrefu wa rumba, kwa hiyo ulikatwa: sehemu ya 1 upande mmoja, sehemu ya 2 upande wa pili, na mara nyingi sebene yote ilikuwa huko nyuma. Fundi alipohamisha wimbo kwenye kanda ilimbidi anyanyue sindano, aigeuze sahani, aishushe tena. Katika kanda zetu, mahali hapo pana kimya kifupi na mkwaruzo, halafu gitaa linaingia. Kwenye sherehe watu walikuwa wakisimama pale pale, mikono hewani, wakingoja. Nimewahi kuusikia mmoja wa nyimbo hizo umeunganishwa vizuri kwa mitambo ya kisasa. Ni safi, lakini umekosa ile nafasi ya kuvuta pumzi.

Turudi kwenye nyongeza. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisani alirudisha kanda yake akiwa amekunja uso.

"Fundi, mwishoni umenitilia nini? Mimi niliomba kwaya tupu."

"Huyo ni Mbaraka Mwinshehe, mama. Msikilize kwanza. Ukimchukia, mlete nimfute."

Hakumrudisha. Na wavuvi walioomba Franco pande zote mbili walikuta mwishoni sauti za kwaya ya Barabara ya 13, Ulyankulu, kule Tabora. Ulyankulu, kama Katumba na baadaye Mishamo katika Mpanda yetu, ilikuwa makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Mitaani waliitwa wakimbizi, na neno hilo halikutamkwa kwa upole siku zote. Lakini mvuvi aliyekuwa akirudi alfajiri na redio kaseti kwenye mtumbwi alizijua sauti zao za juu na za chini, alijua mahali zinapopokezana, na alizipigia makasia. Serikali iliwapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao mwaka 2014. Sauti zilikwisha kupokewa kwenye kanda zetu miaka mingi kabla ya vyeti.

Huo ndio upande mzuri, na ningeweza kuishia hapo nikaeleweka. Ila ukarimu ule una hesabu ambayo hatukuipiga.

Fundi alikuwa mkarimu kwa mali isiyokuwa yake. Mimi na wewe tuliopokea tulikuwa hivyo hivyo. Mbaraka hakupata chochote kwa zile dakika 4 za mwisho wa kanda ya mama wa jumuiya, wala kwa dakika 26 zilizozitangulia upande huo hakuna mwanakwaya aliyepata. Sisemi haya kumshitaki Fundi. Angenunua wapi kanda halali, na kwa nani? Muziki wa nchi hii tangu mwanzo ulikuwa ukichapwa kwingine. Siti binti Saad alisafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Bendi za Tanzania Bara zilipata santuri zao kutoka viwanda vya Nairobi, maana kiwanda cha kuchapa santuri hapa kwetu hakikuwahi kufanya kazi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya kufungwa 1977, santuri zikawa adimu. Redio Tanzania Dar es Salaam iliendelea kurekodi bendi, na tunaishukuru, kwa sababu bila tepu zake tusingekuwa na kumbukumbu ya zama zile. Lakini wimbo uliorushwa hewani kila wiki haukumletea mwimbaji mrabaha. Aliishi kwa mshahara wa bendi na viingilio vya ukumbini. Kanda ya kurekodiwa kibandani ikajaza pengo, na pengo lenyewe halikuwa na mlango wa kumlipa mwenye jasho.

Kwa hiyo tulikuwa na sababu. Sababu, hata hivyo, haifuti deni. Tulijua kumlipa Fundi, tukajua kulipia kanda tupu, tukajua kumlipa mwenye mtumbwi aliyeibeba kutoka melini. Kila mkono ulioigusa kanda ulipata chake isipokuwa ule uliopiga gitaa. Hili halikutusumbua hata kidogo, na ndilo linalonisumbua sasa: kwamba watu wasiothubutu kuchukua mgebuka mmoja wa jirani kwenye kichanja walibeba nyimbo za mtu kwa moyo mweupe kabisa. Tulimwona samaki wa jirani kuwa mali. Wimbo tuliuona kama mvua.

Marijani Rajabu, ambaye bendi ya Dar International ilikuwa ikijaza kumbi kwa sauti yake, alimaliza miaka yake ya mwisho hana bendi, akijipatia riziki kwa kuuza kanda kwenye kimeza karibu na nyumbani kwake Dar es Salaam. Alifariki 1995. Huwa najaribu kumfikiria pale mezani akizipanga kanda zake, wakati huohuo katika vibanda vya nchi nzima, chetu cha Ikola kimojawapo, sauti yake inatolewa kama nyongeza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia haki za wasanii, ilipitishwa 1999, yeye ameshazikwa.

Kibanda chenyewe hakipo tena. Siku hizi, Mpanda mjini na hata huko ziwani, kijana mwenye kompyuta na sola atakujazia memori kadi au flashi kwa muda wa kunywa chai: singeli, bongo fleva, nyimbo za Kisukuma, injili, vyote ndani ya folda moja. Siwezi kuwalaumu vijana kwa kupenda hivyo. Kanda ilikuwa mateso. Wenye kuisifia wamesahau ilivyokuwa kupoteza wimbo kwa sababu redio imeutafuna. Tena kijana anayejaza flashi anafanya jambo lilelile alilofanya Fundi, kwa kasi zaidi, na msanii anaona kilekile alichokiona Mbaraka. Tofauti iko kwenye benchi. Hakuna anayekaa kungoja wimbo wa mwenzake uishe, na hivyo hakuna anayepata asichoomba kikamkaa moyoni. Spika za masikioni zimefanya muziki kuwa jambo la mtu binafsi kama mswaki, na sijui kama tulikusudia iwe hivyo au ilitokea tu.

Wapo wanaosema haki ya msanii ni shauri la Dar es Salaam, la mameneja na mawakili, na kwamba mtu wa Ikola hana la kufanya. Sikubali. Kwaya zinazoimba harusi za kwetu ziko kwetu. Wapiga ngoma na wapiga gitaa wanaoitwa msibani na kwenye mikutano ya kampeni, wakalishwa wali na kuambiwa ahsanteni, ni jirani zetu tunaowajua kwa majina. Anayewaalika ana uwezo wa kuuliza bei kabla ya siku, kama anavyomuuliza mwenye turubai na mwenye viti. Hilo halihitaji wakili.

Na liko jingine. Nyimbo za bendi kubwa zina maktaba, tepu zake zimehifadhiwa TBC, mrithi wa Redio Tanzania. Kwaya za Mishamo, za Karema, za vigango vya mwambao, nyingi zimo kwenye kanda zilizorekodiwa kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya kiti, na kanda hizo ziko majumbani, ndani ya masanduku, zinaota ukungu. Kama unazo, usizitupe kwa kuwa huna tena cha kuzipigia. Tafuta redio inayofanya kazi, au mtu wa kukuhamishia kwenye kompyuta, kaa na wazee wasikilize, na uandike nani anaimba, wa kigango gani, mwaka gani. Ukigundua kwamba mmoja wao bado yu hai, mtafute umwambie kwamba unayo sauti yake. Usiende mikono mitupu.