Binti na Kalamu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu kwa kalamu mambo ambayo hakuwa akiyajua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, mlio nasi hapa Kamenu na mlio pwani:

Sisi tuliotoka Mombasa, Lamu na Malindi tukaja kutafuta riziki katika mji huu wa Thika, tumekuja na dini yetu na tumekuja na ada zetu. Dini ni amana, hatuna ruhusa ya kuipunguza wala kuizidisha. Lakini ada ni kama vyombo vya safari: kilicho kizima hutumiwa, na kilichovunjika hutupwa. Na moja katika ada zetu zilizovunjika ni hii ya kumpa mtoto wa kike nusu ya elimu, kisha tukajiona tumekwisha kumtimizia haki yake.

Binti hupelekwa chuoni, akahitimu, majirani wakaalikwa, halua ikaliwa. Husoma na shule ya msingi pia, kwani Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila ya malipo. Lakini yakifika mahitaji ya sekondari, na fedha zikawa za mtoto mmoja tu, baba haulizi ni yupi kati ya watoto wake mwenye bidii na fahamu. Huuliza ni yupi mwanamume. Binti huambiwa, "Wewe yatosha," akakaa nyumbani kungoja posa.

Neno hili "yatosha" tumelirithi. Zamani katika pwani yetu mtoto wa kike wa watu wenye uwezo alikuwa akifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika alikatazwa. Sayyida Salma, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ikiwa binti wa Sultani alilazimika kujificha ili ashike kalamu, basi binti wa mvuvi alikuwa na hali gani?

Najua patakuwa na mtu atakayesema: "Huyo Salma ndiye aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaacha dini. Hayo ndiyo matunda ya kalamu." Jawabu yetu ni hii: wanaume wangapi wenye elimu wamepotea, na nani aliyefunga madarasa ya wavulana kwa ajili yao? Kama kalamu ndiyo ipotezayo, basi na tuwanyang'anye wana wetu pia. Na kama kalamu haina kosa kwa mwana, haina kosa kwa binti.

Wazee wetu walihofu kuwa binti ajuaye kuandika atawaandikia wanaume barua. Leo kila nyumba ina simu, na msichana asiyekwenda sekondari hupeleka ujumbe usiku na mchana. Ile hatari iliyohofiwa imeingia kwa mlango mwengine, na kilichobaki nje ni elimu peke yake. Kinachomlinda binti ni kumcha Mungu na malezi mema, na mambo mawili hayo huzidi nguvu kwa elimu, hayazidi kwa ujinga.

Wako pia waliotafuta dalili katika dini. Walishika riwaya inayokataza wanawake wasifundishwe kuandika. Riwaya hiyo imo katika Mustadrak ya al-Hakim, naye aliihesabu kuwa ni sahihi. Lakini Imamu adh-Dhahabi aliirudi, akabainisha kuwa ni ya kuzuliwa. Basi tazameni hadithi iliyo kinyume chake, aliyoipokea Abu Daud: Mtume (s.a.w.) aliingia kwa mkewe Bibi Hafsa, na Bibi Shifa binti Abdullah alikuwapo. Mtume akamwuliza Bibi Shifa mbona hamfundishi Hafsa uganga fulani wa maradhi kama alivyokwisha kumfundisha kuandika. Zingatieni, ndugu zangu. Mwanamke alimfundisha mwanamke kuandika, ndani ya nyumba ya Mtume, na Mtume hakukataza bali alitaka azidishiwe. Je, nyumba zetu zina heshima kuliko nyumba ile?

Na imethubutu katika Sahihi ya Bukhari kwamba wanawake walimlalamikia Mtume kuwa wanaume wamewashinda kuwa karibu naye, wakamwomba awawekee siku yao. Akawawekea, akawaendea, akawafundisha. Hakuwaambia kuwa yawatosha watakayosikia kwa waume zao.

Waislamu wa zamani walilifahamu jambo hili. Bibi Karima al-Marwaziyya, aliyekufa mwaka 463 wa Hijra, alikuwa akiisomesha Sahihi ya Bukhari Makka, na al-Khatib al-Baghdadi, mwanachuoni mkubwa, alisoma kwake. Katika nchi ya Sokoto, Nana Asma'u, binti wa Sheikh Uthman dan Fodio, aliyeishi baina ya miaka 1793 na 1864, alitunga kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, akawafunza wanawake walimu ili nao waende vijijini kuwafunza wenzao. Na hapa kwetu, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na hadi leo wanaume wenye elimu hukaa wakausherehesha. Basi hatukuomba kwa mtu wala hatukuiga. Hii ni mali yetu tuliyoiacha ikaliwa na mchwa.

Wala hatusemi kuwa hofu ya wazee wetu haikuwa na sababu yoyote. Katika siku za ukoloni shule nyingi zilikuwa za mishonari, na baba alihofu mtoto asirudi na dini nyingine. Lakini dawa ya hofu ile ilikuwa ni kuanzisha shule na madarasa yetu wenyewe, wala haikuwa ni kubaki wajinga. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alilisema hayo Mombasa katika gazeti lake la al-Islah tangu mwaka 1932. Na Unguja, shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na katika wanafunzi wake wakatoka walimu wa kike wa kusomesha wasichana wengine. Wale waliowapeleka binti zao siku zile walilaumiwa. Leo wajukuu wa waliolaumu huwatafuta wajukuu wa waliolaumiwa wawasomeshee watoto wao.

Sasa tazameni madhara. Mwanamke wa Kiislamu ana haki zake katika Kurani: mahari ni yake, mali yake ni yake, na fungu lake la urithi limetajwa. Lakini haki isiyosomeka huporwa. Mume hufa, shemeji huleta karatasi, akamwambia mjane, "Tia kidole hapa, ni mambo ya kawaida." Naye hutia kidole, na kumbe ameiacha sehemu yake na ya mayatima. Afikapo kwa Kadhi, karatasi ndiyo husema naye hubaki kulia. Dhambi ya dhulumu hiyo ni ya nani? Ni ya shemeji, hapana shaka. Lakini baba aliyemnyima kalamu naye ana sehemu yake.

Tena sisi ni watu wa ajabu. Mke akiumwa na uzazi, mume husimama mlangoni mwa hospitali akitaka daktari wa kike, asikubali mkewe atazamwe na mwanamume. Na nyumbani ana binti aliyemtoa shule. Huyo daktari wa kike atazaliwa na nani? Kila mmoja wetu akimtaka kwa binti wa mwenziwe, mwisho hatapatikana kwa yeyote.

Tuwatazame na jirani zetu wa nchi hii ya Wakikuyu, kwani hekima ni kitu alichokipoteza Muumini, popote aionapo huichukua. Katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, kaka mmoja alimwuliza mama yake mbona dada yake haendi shule kama wao. Mama akaona kuwa hapana sababu ya kumzuia, akampeleka. Msichana yule ni Wangari Maathai. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari, wa kwanza katika wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Mlango ule ulifunguliwa na swali la kaka. Enyi vijana wanaume mnaosoma gazeti hili, nani katika nyinyi amewahi kumwulizia dada yake?

Basi nasaha yetu ni mambo matatu. La kwanza, binti asitolewe shule kwa ajili ya posa; sheria ya ndoa ya mwaka 2014 haimruhusu kuolewa kabla ya miaka 18, na mchumba mwema hungoja. La pili, tupunguze israfu ya arusi. Wali na nyama za siku mbili huweza kumlipia msichana mmoja mahitaji yake ya mwaka. Kila mtaa uweke mfuko wa sadaka kwa kazi hii, na hesabu zake zisomwe mbele ya watu. La tatu, binti aliyehitimu Kurani afundishwe na maana yake, ajue anachokisoma anaposali.

Siku ya Kiyama hatutaulizwa kuhusu wana wetu peke yao. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na binti ni katika vichungwa vyetu. Tutakapoulizwa mbona tulimpa nusu, tusije tukajibu kuwa ndiyo ada tuliyowakuta nayo baba zetu, kwani jawabu hiyo Mwenyezi Mungu amekwisha kuilaumu kwa watu waliotutangulia.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu, na uwafanye wake zetu na watoto wetu, wa kiume na wa kike, kuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.